Naombeni ushauri: naandika wasifu wa Bibi, tunazika Jumamosi

Mjukuu wa Mlimani (mleta uzi)
Wakuu, habari za usiku. Bibi yangu mzaa mama ametutoka jana alfajiri, nyumbani kwake milimani Uluguru, upande wa Matombo. Kitambulisho kinasema alizaliwa 1938. Mazishi ni Jumamosi, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeonekana nimesoma, nimepewa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa baada ya misa. Ukurasa mmoja tu.

Nimekwama. Bibi kazaa watoto saba, kalea wajukuu ambao hata idadi yao hatukubaliani. Alikuwa mkunga wa jadi, na nusu ya vijana watakaobeba jeneza aliwapokea yeye kwa mikono yake. Alikuwa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) kigangoni, na mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana. Alisoma ngumbaru mwaka 1971. Kaacha daftari lenye jalada lililoshonewa kipande cha kanga, ambalo ameandika kila alichowahi kumpa mtu: sukari, kuni, mafuta ya taa, kuanzia sare ya shule ya mwaka 1963 mpaka mchango wa mwezi uliopita.

Niweke nini, niache nini? Nimeshika kalamu tangu saa moja jioni na mkono unatetemeka.

Kibatari
Pole sana mkuu. Andika aya tatu, utabarikiwa. Wapishi wa msibani nao wana masikio, na wali ukishaiva hauna subira na historia ya mtu.

Mwalimu Mstaafu
Pole mjukuu. Hiyo ngumbaru usiiache hata kidogo. Mimi nilifundisha miaka hiyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, nasi tukawafuata akina mama huko huko walikokuwa. Ubao tuliuegemeza kwenye mwembe, wanafunzi wangu wananyonyesha huku wanaandika. Nakumbuka mmoja alikuwa anaishika chaki kama anashika mchi, anaikandamiza mpaka inakatika. Kisha 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Tulikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, nchi nzima watu kama milioni mbili, kipindi kikiisha tunatoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Siku hizi nikiwaeleza wajukuu zangu wananiangalia tu. Bibi yako alichimba?

Mjukuu wa Mlimani
Shikamoo Mwalimu. Alichimba. Na mashimo mawili ya jirani aliyekuwa mgonjwa.

Binti Mgeta
Umenikumbusha mama yangu. Wasifu wake ulisomwa kama barua ya kuomba kazi: mjumbe wa kamati hii, katibu wa kamati ile. Hakuna aliyesema kwamba aliamka saa kumi za usiku kuteremsha kabichi kichwani hadi barabarani ili mimi nipate ada. Niliondoka makaburini na hilo neno kooni, na ni mwaka wa tisa huu. Andika kitu ambacho wanawe watakitambua.

Fundi Cherehani
Mleta uzi, pole. Lakini mkono wa mtu hautetemeki kwa ajili ya mafuta ya taa. Umeuliza cha kuacha. Kuna kitu umeshakiacha, ndicho kinachokukosesha usingizi. Sema.

Mjukuu wa Mlimani
Sawa.

Watoto ni wanane. Wa kwanza Bibi alimzaa kabla hajaolewa na Babu. Bibi alisema ni mwaka wa matuta, yaani 1955, watu wa Matombo walipowagomea wakoloni kulimishwa matuta. Mtoto akachukuliwa na dada yake Bibi akalelewa kama wake. Sisi tunamwita mama mkubwa. Yeye alimwita Bibi mama mdogo mpaka jana. Bibi aliniambia Kwaresima iliyopita, namkanda miguu, bila kunitazama.

Mjomba mkubwa anajua na amekataza. Na kusema ukweli, wasifu nimeshaupeleka steshenari leo mchana. Nakala mia mbili, nimelipa nusu, imeandikwa saba. Msiniite mwoga. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, msibani si mahali pa kufukua mambo, na Bibi mwenyewe kanyamaza karibu miaka sabini. Mimi ni nani nimsemee?

Baba Paroko Msaidizi (jina tu)
Umefanya vyema mwanangu. Marehemu asivuliwe nguo mbele za watu. Siri aliyokufa nayo izikwe naye.

Fundi Cherehani
Hakufa nayo. Kamwachia mjukuu.

Mluguru wa Kinole
Sasa mjomba anakataza nini? Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Aliyetoka tumboni mwa Bibi ni wa ukoo wa Bibi, awe na baba anayejulikana au asiwe naye. Hata hilo jina mnalomwita halibadiliki: akiwa mtoto wa dada mtu ni mama mkubwa, akiwa mtoto wa Bibi ni mama mkubwa vile vile. Kuna shamba hapo?

Mjukuu wa Mlimani
Lipo. Migomba na machungwa, kama ekari mbili. Lakini sidhani Mjomba anawaza shamba sasa hivi.

Mluguru wa Kinole
Mimi nilimzika mama mwaka juzi. Tanga halijaanuliwa, watu wanahesabu mikarafuu. Ngoja nisiendelee.

Shahidi wa Mwisho
Wakuu, hii ni chai. Bibi kajifunza kuandika 1971. Daftari linaanza na sare ya 1963. Iliandikwa na malaika? Mwanzo wa uzi watoto saba, sasa wanane. Na mtu aliyefiwa jana anapata wapi nafasi ya kujibu kila komenti? Humu tulishamchangia mtu jeneza, baadaye marehemu akaonekana sokoni. Mimi natoka.

Kibatari
Duh. Hiyo ya 1963 hata mimi imenigusa. Mleta uzi, fafanua.

Mwalimu Mstaafu
Tuwe na staha, huenda kuna msiba kweli. Ila swali ni la haki. Wanafunzi wangu wa 1971 hata majina yao walikuwa hawajui kuandika.

Mjukuu wa Mlimani
Nimechelewa kujibu kwa sababu nimekwenda kulichukua daftari chumbani, wanawake wamelala mle. Nilikuwa nimelisoma harakaharaka tu. Sasa nimelitazama kwa tochi ya simu.

Kurasa mbili za mwanzo hazifanani na nyingine. Wino ni mmoja, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka, na herufi zote ni kubwa, za mtu anayeanza. Zimeandikwa kwa mpigo. Juu hakuna jina. Nanakili ilivyo:

SARE 1963. VIATU VILIMBANA NIKABADILISHA. MKEKA. DAWA YA MACHO. NAULI. NAULI. SHUKA MBILI.

Mambo ya kikundi, sukari na kuni, yanaanza ukurasa wa tatu, tarehe za 1972. Kwa hiyo Mwalimu, alipojua kuandika, hiki ndicho alichoanza nacho. Alikuwa amekibeba kichwani tangu 1963. Wakuu, nalia hapa barazani, watu wanadhani ni msiba tu.

Shahidi wa Mwisho
Ndugu yangu, naomba radhi. Pole sana.

Binti Mgeta
Viatu vilimbana nikabadilisha. Mungu wangu.

Fundi Cherehani
Unahangaika na Mjomba, unahangaika na sisi. Mama mkubwa mwenyewe umemuuliza?

Mjukuu wa Mlimani
Sijui hata kama anajua. Yuko hapa hapa msibani, ndiye aliyemwosha Bibi.

Mwalimu Mstaafu
Basi usimtangazie, na usimfiche. Mpe daftari asome. Ni lake.

Mjukuu wa Mlimani
Saa kumi na mbili asubuhi. Nimemkuta nyuma ya jiko anachambua mchele kwenye ungo. Nimempa daftari, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikanyamaza. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Alipofika kwenye viatu kidole kikasimama.

"Vilinibana kweli," akasema. "Vile vya kahawia. Mama aliniambia kavirudisha dukani yeye."

Akarudia kusoma tangu juu. Kisha akauliza steshenari wanafungua saa ngapi. Nikamwambia saa mbili. Ameingia ndani kubadilisha kanga, tunaondoka wote. Mjomba ameshaamka, anatutazama kutoka uwanjani.