Uji wa grisi kwenye nako za mbele: sili za nje tu, kufungua yote, au kuendelea kuongeza grisi?

Spana_Butu
Wakuu, naomba ulinganisho kutoka kwa wanaofungua wenyewe nyumbani. Gari ni Land Cruiser Series 80 ya 1994, 4x4 ya muda wote. Nyuma ya tairi zote mbili za mbele kuna uji mweusi unaotoka kwenye tufe la nako (kiungo cha mwisho wa ekseli kinachogeuza tairi ukikunja usukani) na kudondokea ndani ya rimu. Upande wa kulia umezidi. Naona njia tatu:

1. Kusafisha, kuzibua kipumulio cha ekseli na kubadili sili za nje (raba za kuzuia uvujaji) peke yake.
2. Kufungua mpaka ndani: sili za ndani, beringi za kingipini (pini za juu na chini ambazo nako hugeukia), beringi za habu (kitovu cha tairi), grisi mpya.
3. Kuacha ilivyo, kuongeza grisi kupitia plagi iliyo juu ya nako na kukagua oili ya difu (sanduku la gia la ekseli) mara kwa mara.

Nina jeki, stendi mbili, soketi za kawaida na spana ya toki. Soketi ya milimita 54 ya nati za habu sina.

MzeeWaDifu
Usichague njia kabla hujajua kinachovuja ni nini. Chota uji huo kwa kidole, usugue kati ya vidole viwili. Ukiwa mzito kama siagi na hauna harufu kali, ni grisi yenyewe tu inayosukumwa nje, na hilo ni jambo dogo. Ukiwa mwepesi kama uji wa mtoto na unanuka kiberiti, hiyo ni oili ya difu imeingia kwenye nako, maana yake sili ya ndani imekufa. Ukiwa majimaji kabisa na unasafishika kwa maji matupu, simama hapo hapo: ni mafuta ya breki, tatizo liko kwenye kalipa au mpira wa breki, na gari halitembei.

Kisha fungua plagi ya kujazia ya difu ya mbele. Oili inatakiwa iwe usawa wa mdomo wa tundu, au chini yake kwa milimita 5 hivi. Ikiwa kidole kinaingia chote bila kugusa kitu, jibu umeshapata.

Kipumulio_Kwanza
Kabla ya spana yoyote, anza na kipumulio. Ekseli ikipata moto hewa ya ndani inatanuka. Kipumulio kikiziba kwa tope, hewa hiyo inatafuta njia nyingine, na njia iliyo rahisi ni kwenye midomo ya sili. Ukiingia mtoni ekseli ikiwa ya moto, hewa inasinyaa ghafla na kinyume chake kinatokea: maji yanavutwa ndani kupitia sili hizo hizo. Ndiyo maana oili ya difu inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Fuata mpira unaotoka juu ya bomba la ekseli, uchomoe, upulize kwa mdomo. Hewa ipite bila ubishi. Magari mengine yana kofia ndogo ya chuma yenye springi juu ya ekseli. Hiyo ing'oe, weka nipo ya kawaida na mpira mrefu wa kuhimili mafuta, uupandishe mpaka juu ndani ya chumba cha injini. Usiufunge zipu kwa kukaza mpaka ukabanika, wala usiuache ukining'inia kama kitanzi, maji hukaa humo.

GrisiMkononi
Kipumulio sawa, sina ubishi. Ila njia namba 1 kama ilivyoandikwa ni kujidanganya. Sili ya nje kazi yake ni kufuta vumbi na tope kwenye tufe na kuizuia grisi nzito isitoke. Haikutengenezwa kuzuia oili. Oili ya difu ikishaingia kwenye nako, hata uweke sili mpya za nje tano, itapita tu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari wamelala chini ya gari. Pete ya raba ya nje ni duara zima. Ili ipite juu ya tufe ni lazima nako nzima itoke, na nako haitoki bila kutoa kalipa, habu, spindo (bomba ambalo habu inazungukia) na shafti. Yaani kwa ajili ya sili ya nje unafanya asilimia 80 ya kazi ya njia namba 2. Wapo wanaoikata raba kwa wembe, wanaivalisha kwa ubavu na kuigandisha kwa gundi. Inakaa kwa muda, kisha pale palipokatwa panaachia na tope linaanza kusaga tufe.

Pole_Pole4x4
Namba 3 msiitupe moja kwa moja. Kama oili ya difu iko sawa na nako haina mchezo, kuongeza grisi kidogo si dhambi hadi vipuri vipatikane. Lakini tumia grisi ya lithiamu yenye molibdenamu, ile nyeusi ya sivi jointi (kiungo cha shafti kinachokunjika ndani ya nako). Ukichanganya lithiamu na grisi ya bentoniti au ya poliurea, zote zinaweza kulainika na kutiririka, ukaona umetatua kumbe umezidisha. Na usijaze nako ikafurika. Kipimo ni kama robo tatu ya nafasi iliyomo ndani. Ikizidi, joto linaisukumia nje kupitia sili ya kufutia.

Dawa za kuvimbisha sili zinazomiminwa kwenye difu siziungi mkono. Zinalainisha raba iliyokauka, ndiyo, lakini sili ya ndani kwa kawaida haifi kwa ukavu. Inakufa kwa sababu shafti imechimbika au haikai katikati.

Landi_Kuukuu
Kwa wenye Defender, Discovery ya kwanza na Range Rover za zamani, ulinganisho unabadilika kidogo. Nako zake za awali zilitumia oili ya EP90, kama mililita 350 kila upande, na zina plagi za kujazia, kupimia na kumwagia. Baadaye kiwanda kikahamia grisi laini ya pakiti moja kwa kila nako, na nako za baadaye hazina hata plagi ya kupimia.

Kuhama kutoka oili kwenda grisi hiyo kunaruhusiwa, na kunapunguza kudondoka kama tufe ni zima. Mwaga oili yote kwanza, usichanganye. Ila pitisha ukucha juu ya tufe la kromu. Ukihisi vishimo vya kutu kwenye sehemu ambayo sili inapita, hakuna grisi wala sili itakayokuokoa: midomo ya sili inakatwa kila ukikunja usukani. Hapo ni tufe jipya. Na sili yenyewe inaingia kwa nyuma ya tufe, kwa hiyo tufe lazima lifunguliwe kwenye bomba la ekseli.

Spana_Butu
Nimefanya vipimo. Kulia uji ni mwepesi na unanuka kiberiti, kushoto ni mzito. Oili ya difu imeshuka chini ya mdomo kwa kama sentimita 2. Kipumulio kilikuwa kimeziba kabisa. Je, nifungue kulia tu?

MzeeWaDifu
Pima kwanza beringi za kingipini kabla ya kuamua. Inua mbele, weka stendi chini ya ekseli, shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi za habu. Ukibaki, ni kingipini.

Kipimo cha pili ukiwa umeshafungua: zungusha nako kwa mkono kutoka kushoto hadi kulia. Kama inajifunga mahali pamoja, pale gari linapokwenda moja kwa moja, beringi ya chini imechimba vijumba. Barabarani hiyo ndiyo inayoleta usukani kutetemeka kwenye mwendo wa 60 hadi 80, watu wanabadili shokapu na tairodi bure.

Na hapa ndipo sili ya ndani inapohusika. Beringi za kingipini zikilegea, nako inashuka kidogo, shafti haiko tena katikati ya tundu la sili, upande mmoja wa mdomo unabanwa na mwingine unaachia. Ukibadili sili ukaacha beringi hizo, uji utarudi mapema. Fungua pande zote mbili. Kushoto kulipitia kipumulio kile kile kilichoziba na umri ni ule ule.

GrisiMkononi
Naunga mkono. Vipuri kwa ekseli nzima: sili za ndani 2, seti za sili za nje 2 (nyuzi, raba na pete za chuma), beringi za kingipini 4 pamoja na bakuli zake, sili za nyuma za habu 2, gasketi za spindo na za flenji (sahani inayounganisha shafti na habu), washa za kufuli za nati za habu 2. Beringi za habu unabadili ukiona madoa ya bluu au mikwaruzo. Grisi ya molibdenamu andaa karibu kilo 2, ukitoa ya habu ambayo ni grisi ya beringi ya kuhimili joto. Matambara mengi kuliko unavyodhani. Na soketi ya 54 nunua. Kugonga nati hizo kwa tindo kunaziharibu, na vipande vya chuma vinaingia kwenye beringi.

Pale watu wanapokosea, kwa mpangilio wa kazi:

Plagi ya kujazia difu fungua kabla ya kumwaga. Ya kujazia ikigoma wakati oili imeshatoka, gari limelala.

Kalipa ining'inize kwa waya, isilale kwenye mpira wake.

Washa za koni kwenye flenji na kwenye mkono wa usukani chini ya nako hazitoki kwa kuchokonoa. Rudisha nati mpaka ifike ncha ya stadi, weka fimbo ya shaba, gonga kwa kishindo kimoja kizito. Koni inaruka yenyewe.

Shimu za kingipini cha juu (vibati vyembamba vya kurekebisha mkazo wa beringi) ziandike: ngapi, unene gani, upande gani. Usizichanganye kulia na kushoto.

Sili mpya ya ndani, upande wenye springi uelekee difu. Igonge kwa bomba au soketi kubwa yenye kipenyo cha pete yake ya nje, iingie sawa pande zote. Paka grisi mdomoni.

Kurudisha shafti ndiko kunakoua sili mpya kuliko kitu chochote. Shafti ni nzito, ikilala juu ya mdomo, meno yake yanakwaruza raba. Ibebe kwa mkono mmoja iwe katikati muda wote hadi meno yaingie kwenye difu. Mtu wa pili anasaidia sana hapa.

Shimu_03
Naongezea pale panapopitwa haraka. Kabla ya kurudisha shafti, pitisha ukucha pale sili inapogusa. Ukikwama kwenye mfereji, una chaguo mbili: kuvalisha soksi nyembamba ya chuma ya kurekebishia shafti, au kuiweka sili ndani zaidi kwa milimita 2 au 3 ili mdomo ukae kwenye chuma kisichochimbika. La pili halina gharama, lakini hakikisha tundu lina nafasi.

Kingipini: kaza nati za juu na za mkono wa usukani Nm 96 (nyutoni-mita, kipimo cha spana ya toki), sili za nje zikiwa bado hazijafungwa, shafti haimo na tairodi imetolewa. Funga mizani ya springi kwenye tundu la tairodi, vuta taratibu. Nako ianze kusogea kati ya kilo 3 na 6. Ikiwa nyepesi, punguza shimu, nzito, ongeza. Ukipima sili zikiwemo, utakuwa unapima msuguano wa raba, si wa beringi.

Habu: kaza nati ya ndani Nm 59, zungusha habu mara kadhaa kila upande beringi zikae, legeza mpaka igeuke kwa mkono, kisha kaza kidogo kidogo ukipima kwa mizani kwenye stadi ya tairi: kilo 2.9 hadi 5.7. Washa ya kufuli, nati ya nje Nm 64, kunja sikio moja juu ya kila nati. Pima tena, maana nati ya nje huongeza mkazo. Spindo Nm 47, kalipa Nm 123.

Namba hizi ni za Series 80. Patrol na Suzuki za ekseli nzima mpangilio ni ule ule lakini vipimo si hivyo, fuata kitabu cha gari lako.

Pole_Pole4x4
Sivi jointi ukishaitoa, ioshe kwa dizeli hadi gololi zote zionekane, na itoke dizeli yote kabla ya grisi mpya. Kama inagonga usukani ukikunjwa mwisho na nyufa hakuna, wapo wanaohamishia ya kulia kushoto ili mzigo uende upande wa mifereji ambao haujalika. Inafanya kazi. Yenye ufa usihamishe popote.

Spana_Butu
Basi ni namba 2 pande zote, na mpira mpya wa kipumulio. Stadi za mkono wa usukani zinahitaji gundi ya nyuzi?

Shimu_03
Zinahitaji ukavu. Futa stadi, koni na matundu yake kwa dawa ya kusafishia breki hadi tambara litoke jeupe. Koni zenye grisi hukaa kama zimekaza, kisha zinatulia barabarani na nati zinalegea. Stadi za Series 80 zinajulikana kwa hilo, na zikikatika usukani haupo. Tembea kilomita 500, rudi na spana ya toki kwenye Nm 96, na kagua oili ya difu siku hiyo hiyo. Utando mwembamba wa grisi kwenye tufe ni kawaida, usiufute.