Wewe uliyeipuliza kamera yangu pale Mwenge na muhogo mdomoni, uzi huu ni wako

Fundi Mwanga: Wakuu, nyie salama? Mimi si salama. Nimetoka Mwenge muda huu, viatu sijavua, mikono inatetemeka, nimeona niandike kabla presha haijanilaza.

Huyu jamaa mnamjua. Sitaji jina ila yeyote aliyewahi kupost kamera, lenzi, hata chaja tu hapa Dar anamjua. Yule wa "bado ipo kiongozi?" saa nane usiku. Yule bei umeandika kwa herufi za kusomeka kutoka Bagamoyo na bado anajibu "sawa, mwisho wake?" Yule mwenye picha ya simba kwenye profaili. Huyo huyo.

Nauza Canon 6D, bodi na lenzi ya 50mm, betri mbili orijino za LP-E6, chaja na mkanda wake, milioni moja na laki tatu. Hii kamera nimeitunza jamani, mnajua joto la Dar na huu unyevu wa bahari, lenzi ukiifungia kwenye begi inaota fangasi mpaka ndani ya vioo, mimi naiweka kwenye deli lenye mfuniko na vile vipakti vya silika vya kunyonya unyevu, vikilowa nabadilisha. Shata kaunti, yaani idadi ya picha ilizopiga, ni elfu 38, na bodi hii kiwandani imepimwa kwenda laki moja. Nikamtumia na skrinshoti. Jibu lake: "Elfu 38? Kumbe imechoka hivyo."

Tukapanga Mwenge saa nne. Kaja saa saba. Kaja na mihogo. Ile ya kukaanga, pilipili na chachandu juu, anatafuna huku ananipa mkono. Nikavumilia, biashara ni biashara, nikamvalisha mkanda shingoni mwenyewe kwa mikono yangu. Sijamaliza kufunga zipu ya begi nasikia KLIK. Nageuka, lenzi iko mkono wa kushoto, bodi mkono wa kulia, tundu limeangalia juu mbinguni, daladala zinapita, vumbi lote la Mwenge linatafuta pa kulala, na yeye kainama anapuliza. Fuuuuu. Na muhogo mdomoni! Chembe nimeiona kwa macho yangu ikiruka kuingia. Akaona haijatoka, AKATIA DOLE GUMBA. Lile lile la pilipili. Akasugua kioo.

Kile kioo cha ndani rangi yake ya fedha iko juu, sio kama kioo cha kunyolea ambacho rangi iko nyuma, ukikisugua unakwangua rangi yenyewe, mafundi wenyewe wanakiogopa. Yeye kasugua kama anatoa kutu kwenye sufuria.

Alafu sasa. Akanyanyua kamera kwenye jua, akafumba jicho moja, akachungulia, akaniambia taratibu kabisa, "Kiongozi mbona ndani ina alama ya kidole? Nipunguzie, hapa nina laki sita, nyingine mwisho wa mwezi."

ALAMA YA KIDOLE. Kidole cha nani?? Kidole cha nani wewe??

Nikamnyang'anya. Ananifuata nyuma mpaka kwenye daladala, eti sina lugha ya biashara, eti na lenzi imenizidi umri kwa sababu kasoma kwenye simu kwamba EF, huu mfumo wa lenzi za Canon, ilianza 1987. Mfumo wa EF ndio wa 1987, lenzi yenyewe ni toleo la STM, limetoka 2015, ila utamwambia nini mtu anayepiga deki kamera kwa pilipili. Na sa hivi naandika hapa meseji yake imeingia: "Laki tano na nusu basi, maana ina alama."

Mjukuu wa Tandika: Nimechukua siti ya mbele. Leteni karanga.

Mama Viunga: Namjua!!! Kofia nyeusi, anaongea kama anakuonea huruma? Alikuja kuona fleshi yangu, akaipiga piga usoni kwa wapita njia mpaka betri zikaisha, alafu akasema "dada mbona haiwaki." Nikamwambia kanunue betri nne hapo dukani, akasema nimkate kwenye bei hela ya betri.

Fundi Mwanga: NDIYE. Kofia nyeusi!! Mama Viunga Mungu akubariki, nilidhani naota.

Kichuguu: Chai hii. Mihogo saa saba mchana Mwenge, muda huo watu wanakula wali.

Fundi Mwanga: Njoo unuse kamera.

Injinia wa Kimara: Mkuu pole ila punguza jazba. Sensa, kile kinachonasa picha, haijaguswa. Ukitoa lenzi unachokiona ni kioo, sensa iko nyuma yake na imefunikwa na pazia la shata mpaka ubonyeze. Wakati wa kupiga kioo kinajinyanyua, kwa hiyo mkwaruzo wa kioo hautokei kwenye picha, labda utauona ukichungulia tu. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi ulibane liwe dogo uchafu uonekane, ukikuta safi endelea kuuza.

Fundi Mwanga: Injinia nashukuru, ila mimi sijauliza habari ya f/16. Mimi nauliza mtu anatia dole gumba, anasugua, anakinyanyua juani, ANASEMA MBONA INA ALAMA YA KIDOLE. Hilo mlishawahi kuliona wapi? Hata mwizi akiiba kuku hakuulizi mbona banda lina manyoya.

Kichuguu: Ila na wewe mleta uzi, mtu anakula mihogo unampa kamera ya milioni? Ungempa na kitambaa cha mezani.

Mjukuu wa Tandika: Hahahaaa "nikamvalisha mkanda shingoni mwenyewe." Kamvika kama bibi harusi.

Mzee wa Stendi: Wakuu ukweli usemwe. 6D ni ya 2012. Canon wameleta mirolesi, zile zisizo na kioo ndani, za fulu fremu yenye sensa kubwa tangu 2018, vijana wote wanakimbilia huko, hizi DSLR zenye kioo zinashuka kila siku. Laki tano na nusu sio matusi. Mimi nakupa laki tano sasa hivi, niko Ubungo.

Fundi Mwanga: Wewe una picha ya simba kwenye simu yako?

Mama Viunga: 😂😂😂 mkagueni kofia huyo.

Mzee wa Stendi: Sina kofia. Nina laki tano.

Kijana wa Ziwani: Nyie wa Dar mnakutana na mnunuzi uso kwa uso mnalalamika, sie wa Mwanza tusemeje. Nimenunua lenzi ya zoom kwa jamaa wa huko huko kwenu, nikatuma hela yote na ya kutolea, akasema kaiweka kwenye basi. Boksi limefika limefungwa gundi kama jeneza, nimekata kwa kisu dakika kumi, ndani kopo la maziwa limejaa mchanga. Tena mchanga umelowa. Uzito ulikuwa wenyewe kabisa, alipima. Kondakta ananiangalia, mimi nimeshika kopo.

Injinia wa Kimara: Mchanga aliupima ufanane na lenzi, huyo kasoma.

Dada wa Mbezi: Mimi yangu ya juzi bado ya moto. Nauza bodi ya Nikon, kijana msafi, marashi, anasema "dada nakutumia sasa hivi." Meseji ikaingia, umepokea shilingi laki nne na nusu, jina, kumbukumbu namba, kila kitu. Nikataka kumkabidhi, roho ikagoma, nikaangalia meseji imetoka kwa namba ya kawaida ya 07, haijatoka kwa jina la huduma yenyewe. Nikacheki salio, elfu tatu na mia mbili zangu zile zile. Nikamwambia subiri salio lisome. Akasema anaenda kununua maji. Mpaka leo anayanunua. Jamani msitoe kitu kwa meseji, angalieni SALIO.

Kijana wa Ziwani: Hao wa marashi ndio wabaya.

Fundi Mwanga: Poleni nyote, ila huyo wa maji angalau hakuigusa kamera na pilipili. Mnielewe. Ka-su-gua.

Mpiga Mnuso: Nyote mnalia na wanunuzi, mnajua kwanini tunauza vifaa? Kamati za harusi. Mkataba laki nane, advansi laki mbili, baada ya sherehe simu hazipokelewi. Mwenyekiti wa kamati anakuambia mweka hazina kasafiri, mweka hazina anasema muulize mwenyekiti. Wa chakula kalipwa, wa mapambo kalipwa, wewe unaambiwa "tukiona picha kwanza."

Mama Viunga: Usinikumbushe. Na shangazi anataka picha ZOTE mbichi kwenye flashi, zile elfu mbili, na zile amefumba macho.

Mjukuu wa Tandika: Mnaoharibu harusi ni MC. MC anakula hela kuliko wote na kazi yake kupiga kelele kwenye maiki.

Mpiga Mnuso: Umenena! Keki inakatwa anasimama yeye mbele ya lenzi na tumbo lake, nina picha za keki hamsini na zote ni mgongo wa MC, suti ya kung'aa.

Dada wa Mbezi: Na kuzima taa akijisikia. Unaweka mipangilio yako vizuri, ghafla giza na moshi.

Fundi Mwanga: Jamani mada ni kamera yangu. Kanitumia nyingine, anauliza kama mkanda nauza peke yake.

Mpiga Mnuso: Mleta uzi subiri kidogo, tunamalizana na MC kwanza.

MC Tabasamu: Nimepita nikasoma. Mimi ni MC. Nyie wapiga picha mkiitwa ukumbini saa kumi mnafika saa moja, mnakula sahani mbili mbili, alafu mnamwambia bwana harusi arudie kuingia. Leo tutaongea.