Gibraltar: kwa nini wanaozungumza Kihispania wanaikataa Hispania?

Kidau:
Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma habari za Gibraltar, eneo la Uingereza lililoko kusini mwa Hispania, lisilofika kilomita za mraba 7 na lenye wakazi wapatao 34,000. Wengi wao wamelelewa kwa Kihispania, ni Wakatoliki, na wana ndugu upande wa pili wa mpaka. Hata hivyo, katika kura ya maoni ya 1967 watu 12,138 walichagua kubaki na Uingereza na 44 tu wakaichagua Hispania. Je, chuki hiyo inatokana na vita vya zamani? Na ni kweli kwamba Waingereza hutunza nyani ili wasifukuzwe?

Nanga:
Vita vilikuwepo, lakini havitoshi kueleza. Uingereza na Uholanzi ziliuteka mwamba huo wa Gibraltar mwaka 1704, na wenyeji Wahispania karibu wote wakahama; Mkataba wa Utrecht wa 1713 ukaukabidhi kwa Uingereza. Waliokuja kuujaza mji walitoka Genoa, Malta, Ureno, Minorca na hata Hispania yenyewe, pamoja na Wayahudi wa Moroko, kwa hiyo wajukuu wao hawaoni kwamba kuna nyumbani wanakopaswa kurudi. Kwa maoni yangu, kidonda kikubwa ni kile cha 1969, Franco, dikteta wa Hispania, alipofunga mpaka na kukata simu. Ndugu walisimama kila mmoja upande wake wakipigiana kelele kupashana habari za misiba na uzazi, na wazazi wakawainua watoto wachanga juu ili bibi na babu wawaone kwa mbali. Waenda kwa miguu waliruhusiwa tena mwishoni mwa 1982, na mpaka ukafunguliwa kikamilifu mwaka 1985. Nafasi za vibarua wa Kihispania waliozuiwa kuvuka zilichukuliwa na Wamoroko.

Mwana wa Pwani:
Ndugu Nanga, kwa heshima, kura aliyoitaja Kidau ilipigwa miaka miwili kabla ya mpaka kufungwa. Kufungwa huko kunaeleza vizuri zaidi kura ya 2002, ambapo karibu asilimia 99 waliukataa utawala wa pamoja wa Uingereza na Hispania. Kwa ile ya kwanza, tukumbuke kwanza kwamba Hispania ya wakati huo ilikuwa ya kidikteta. Kisha turudi 1940, wakati wanawake, watoto na wazee walipohamishwa ili mwamba ubaki ngome ya jeshi. Walipelekwa London, Madeira na Jamaika, na baadhi wakabaki katika kambi za Ireland ya Kaskazini hata baada ya vita kwisha. Kudai warejeshwe ndiko kulikowaunganisha kisiasa, na madai hayo waliyaelekeza kwa Waingereza wenyewe.

Bi Mkubwa:
Naomba nijibu la nyani, maana limeachwa. Wale ni kima wasio na mkia wa jamii ya Afrika Kaskazini, na wahenga wa huko husema kwamba siku watakapotoweka, Waingereza nao wataondoka. Walipopungua sana wakati wa Vita Kuu ya Pili, Churchill aliagiza waongezwe, wakaletwa wengine kutoka Afrika Kaskazini. Ngano nyingine husema walivuka kwa njia ya chini ya bahari inayoanzia katika Pango la Mtakatifu Mikaeli, jambo ambalo halina msingi wowote. Hata kisa cha jemadari wa Kiislamu Tarik bin Ziyad kuchoma merikebu zake alipotua mwaka 711, ambacho wengi wetu tulikisikia chuoni, kimeandikwa karne nyingi baada ya kifo chake, ingawa kutua kwenyewe ni historia na mwamba unabeba jina lake hadi leo.

Kuhusu maisha ya kila siku, nitataja chakula chao, kalentita. Unga wa dengu hukorogwa kwa maji, chumvi na pilipili manga, ukaachwa usiku kucha, kisha ukamiminwa katika sinia lenye mafuta ya zeituni yaliyokwisha kuchemka na kuokwa mpaka juu uwe kahawia na ndani ubaki laini. Asili yake ni Genoa, wala si Uingereza. Lugha yao ya mitaani, Kiyanito, huchanganya Kihispania cha Andalusia na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Hapo Kidau aongeze jambo katika swali lake: vijana wa sasa, waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni, wengi humjibu bibi yao kwa Kiingereza hata anapowasemesha kwa Kihispania.