Mhakiki amefanya kila kitu "Geuza", kisha mimi ndiye nakatwa pesa

Wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Jana baada ya magharibi nilipokea barua pepe kutoka kampuni ninayoifanyia tafsiri, jina nalihifadhi. Kazi yangu ya wiki mbili imerudishwa na malipo yamekatwa asilimia 20. Sababu iliyoandikwa: istilahi hazilingani. Yaani nimetumia maneno saba tofauti mahali ambapo mhakiki anaona neno moja latosha. Neno lenyewe ni "Geuza".

Kazi ilikuwa programu ya simu ya kuhariri picha na video. Kama kawaida yao walileta jedwali tupu, mstari kwa mstari, bila picha hata moja ya skrini: Reverse, Invert, Flip, Revert, Undo, Toggle, Swap. Anayelipitia jedwali lile mbio mbio ataona maneno saba yenye harufu moja, kila moja linafanya jambo liwe kinyume chake. Kamusi nayo haimwokoi, maana ukifungua nusu ya hayo utakuta "geuza" imo mahali fulani katika maelezo. Mimi sikutafsiri jedwali. Niliomba picha za skrini, nikazisubiri siku tatu, mwisho nikapakua toleo la majaribio na kubonyeza kila kitufe nione kinafanya nini. Siku hizo hakuna aliyenilipa.

Tuanze na Reverse. Kitufe hiki kinachukua video na kuicheza kutoka mwisho kuja mwanzo. Nilikijaribu kwa video ya vijana wanaoruka baharini: wanachomoka majini miguu mbele, maji yanajikusanya na kutulia nyuma yao, wanatua juu ya ukuta wakiwa wakavu. Hakuna kilichopinduliwa pale, wala upande wa kushoto haujawa kulia. Kilichobadilika ni mfuatano tu. Nikaandika "Cheza kinyumenyume". Mhakiki kafuta, kaweka "Geuza".

Bwana mhakiki, panda tuktuk uingie Mji wa Kale, kwenye vile vichochoro ambavyo ukinyoosha mkono unagusa ukuta, mkutane uso kwa uso na mkokoteni. Mwambie dereva "geuza" uone atakavyokutazama. Kugeuza ni kuzungusha chombo kielekee kilikotoka, na pale hapazunguki kitu. Atarudi rivasi, mgongo ukitangulia, mpaka apate upenyo. Mtoto wa darasa la pili hapa Mombasa anaijua tofauti hiyo. Neno rivasi lenyewe tumelitoa kwa hiyo hiyo "reverse", na madereva wetu wamelitunza kwenye kazi yake kuliko mtu anayelipwa mshahara kuhakiki lugha.

Invert ni jambo jingine kabisa. Ndani ya picha, kila rangi imehifadhiwa kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Invert inachukua 255 na kutoa humo kila namba. Nyeusi, yenye 0 kote, inakuwa 255 kote, ndiyo nyeupe. Nyekundu kamili ni 255, 0, 0. Ukiiinvati inakuwa 0, 255, 255, samawati inayoelekea kijani. Hakuna kitu kilichosogea kwenye picha wala kurudi nyuma. Namba iliyokuwa juu imekuwa chini, iliyokuwa chini imekuwa juu. Ndiyo maana nikaandika "Pindua rangi". Mashua ikipinduka, watu wanakimbilia maboya. Mashua ikigeuka, abiria hawainui hata macho. Haya ni maneno mawili, jamani, na pwani yote inajua ni mawili.

Flip ndiyo yenye haki ya "Geuza", na niliipa: "Geuza kushoto-kulia". Toggle ni swichi yenye hali mbili, nikaandika "Washa/Zima". Swap ni "Badilishana nafasi". Hizi hazikunisumbua.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mamangu mdogo anauza leso, yaani khanga, Biashara Street, na siku hizi wateja wengi anawapata kwa simu. Leso haiuzwi kwa rangi peke yake. Kuna pindo, kuna mji, yaani sehemu ya katikati, na kuna jina, ule msemo ulioandikwa chini ya mji, na mteja wa leso husoma jina kwanza. Nilimwekea lile toleo la majaribio baada ya mhakiki kuingiza maneno yake, kwa sababu nilitaka kuona mtu anayesoma Kiswahili tu atalitumiaje. Alijifunga leso nyekundu, akajipiga kwa kamera ya mbele, na kwa simu yake picha ikatoka kama ya kwenye kioo, jina linasomeka kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zimetazama nyuma. Alihitaji Flip tu, kitufe kimoja. Akafungua menyu akakuta vitufe vitatu vimepangana, vyote vimeandikwa "Geuza".

Akabonyeza cha kwanza. Leso nyekundu ikawa samawati na uso wake ukawa kama wa mzuka. Akabonyeza cha pili, hicho ni Revert, na kazi yote aliyokuwa amefanya, kukata pembeni, kuongeza mwanga, kufuta kamba ya nguo iliyoonekana nyuma, ikafutika mara moja. Cha tatu ndicho kilichokuwa Flip. Kufikia hapo alikuwa ameshaitupa simu kochini. Akaniambia, "Mwanangu, hivi vitatu kama ni kimoja, mbona vimewekwa vitatu? Na kama ni vitatu, mbona vina jina moja?"

Swali hilo nimelinakili neno kwa neno kwenye barua pepe yangu ya kujibu. Mpaka sasa kimya.

Hiyo Revert ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inaharibu kazi ya mtu. Revert ni kurejea hali iliyokuwapo awali. Undo ni kuondoa hatua moja, ile ya mwisho. Ukikosea kidogo unataka Undo. Revert unaiendea pale tu unapoamua kuanza upya, tena unaifikiria mara mbili. Niliandika "Tendua" kwa Undo na "Rejesha picha ya awali" kwa Revert, kwa makusudi kabisa niliifanya ndefu ili kidole kisite. Mhakiki akasema ni ndefu mno. Halafu barua pepe yake yeye mwenyewe inamalizia "Kindly revert by Monday". Najua, ofisi zetu zote zinaandika hivyo na maana yake ni nijibu, na Wahindi wanaandika hivyo hivyo. Sina ugomvi na matumizi hayo. Lakini mtu ambaye kila siku anaandika "revert" kwa maana ya kujibu, anajua fika kwamba neno moja la Kiingereza hubadilika kazi kulingana na mahali lilipo. Kwa nini haki hiyo anikatalie mimi?

Na si mara ya kwanza. Mwaka jana nilitafsiri mazoezi ya hesabu ya watoto, "inverse" ikatokea kila ukurasa. Kinyume cha 5 ni nini? Kwa kujumlisha ni −5, kwa sababu ukizijumlisha unapata 0. Kwa kuzidisha ni 1/5, kwa sababu ukizizidisha unapata 1. Nilitofautisha kila mahali: kinyume cha kujumlisha, kinyume cha kuzidisha. Zikarudi zote zimekatwa, limebaki "kinyume" peke yake. Mtoto ataandika −5, kitabu kitamwambia amekosa, na mwalimu atatafuta kosa kwa mtoto. Kwenye mantiki ikawa mbaya zaidi. "Kila leso ni nguo" ukibadilishana pande zake unapata "kila nguo ni leso", ambayo ni uongo. Ukiikanusha unapata "kuna leso isiyo nguo", uongo wa namna nyingine. Hizo ni operesheni mbili, na zote mbili zilipewa jina "kinyume".

Waingereza maneno haya wameyarithi kutoka Kilatini, kitenzi vertere, kugeuza. Ndiyo maana reverse, invert, revert na convert yana sura ya ukoo mmoja, na nahisi hapo ndipo mhakiki alipopotelea: aliona shina, akaacha vichwa, yaani re-, in- na con-. Lakini sisi hatukuhitaji Kilatini. Tuna kauli ya kutendua ndani ya kitenzi chenyewe. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Bandika, bandua. Choma, chomoa. Mvua ikitanda na nguo ziko kambani, mama hakuiti ukageuze nguo, anakwambia kaanue. Unabadilisha tumbo la kitenzi na kitendo kinarudi kilikotoka. Pakia na pakua tumeshazipeleka kwenye simu na hakuna aliyelalamika. Ni kweli si kila -ua inatendua, nunua na chagua hazitendui chochote, kwa hiyo inataka sikio. Sikio ndilo nililodhani nalipwa kwalo.

Mtu akija na lugha yenye utajiri huu, akapewa vitufe saba vinavyofanya kazi saba, akatoka na neno moja, kisha akanikata asilimia 20 kwa kutofanya kama yeye, mimi naita hiyo dhulma. Dhulma kwangu, na kwa kila mama anayefungua menyu ile akiamini kilichoandikwa ndicho kitakachotendeka. Na usiniambie eti watumiaji watazoea. Watazoea kubadilisha simu iwe ya Kiingereza, kisha kampuni itasema Kiswahili hakina soko.

Nimeandika kudai mambo mawili: pesa zangu zirudi zote, na kila jedwali lije na picha za skrini kuanzia siku ya kwanza. Sibadilishi hata kitufe kimoja kabla ya hapo, Jumatatu ije ipite.

Walio kwenye kazi hii, Mombasa, Zanzibar, Dar, popote: mmewahi kukatwa kwa sababu ya "istilahi hazilingani"? Mliandika nini kwa Invert na Revert, na mhakiki wenu alisemaje? Wekeni hapa, na kama mna picha ya menyu yenyewe wekeni pia, nataka niziambatishe kwenye barua ya pili.