Acheni kutuuzia hadna, dawa ya kugandisha rangi, kwenye chupa za maji! Rangi ya lori inaharibikia dukani, halafu lawama zinaenda kwa kukosa oveni

#1

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuanzisha kwa hasira na sitaupunguza makali.

Kila kichwa cha Canter au Fuso ya zamani kilichopigiwa rangi nyumbani kikianza kubabuka, kikitoka malengelenge, au kikabaki laini mpaka ukucha unaacha alama wiki mbili baadaye, jibu ni lile lile: "Ndiyo matokeo ya kutopeleka oveni." Si kweli. Oveni, yaani chumba cha kupulizia na kukaushia rangi, inazuia vumbi, inavuta mvuke wa rangi na inaleta joto la kukaushia, basi. Vumbi likitua kwenye rangi ya 2K (ile inayoiva kwa kuchanganywa na hadna) unasubiri ikauke vizuri, unapita na msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, unapiga polishi, yamekwisha. Rangi iliyogoma kushika bati, au iliyochanganywa na hadna mfu, haiokolewi na oveni yoyote.

Ubaya unaanzia kaunta. Unaomba lita mbili za rangi ya 2K na hadna yake. Muuzaji anavuta dumu kubwa lililofunguliwa hajui lini, anamimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, anafunga kizibo, anakupa. Hakuna jina la kiwanda, hakuna uwiano, hakuna tarehe. Hadna ya 2K ina kemikali iitwayo isosayaneti, nayo inakula unyevu wa hewani. Dumu likikaa nusu, na kizibo kikifunguliwa mara ishirini kwa siku katika hewa ya Dar au Tanga, hadna inaanza kufa humo humo ndani. Itazame kwenye mwanga: nzima ni angavu. Ikiwa na ukungu, ute, au chembe nyeupe zimeganda shingoni mwa chupa, hiyo ni takataka. Lakini bei umelipa ya hadna nzima.

Halafu thina. Unauliza thina ya 2K, unapewa standadi au hai glosi, "zote thina tu bosi". Hapana! Hizo thina za rangi ya duko (isiyotumia hadna) mara nyingi zimetiwa alkoholi, na alkoholi inagombania hadna na rangi. Sehemu ya hadna inaishia kwenye thina, rangi inabaki na njaa. Juu inaonekana imekauka, chini ni laini kama ubani. Mvua ya kwanza ikinyesha mng'ao umeondoka. Standadi ioshee bomba la kupulizia, isiingie kwenye kikombe cha 2K.

Na uwiano nao ni wa kukisia. "Weka kifuniko kimoja kwa kopo." Kifuniko cha nini? Rangi nyingi za 2K ni rangi mbili kwa hadna moja au nne kwa moja kwa ujazo, na thina kati ya asilimia 5 na 20, kutegemea kiwanda. Huo uwiano umechapwa kwenye kopo la asili, kopo ambalo mnunuzi haonyeshwi. Ukizidisha hadna rangi inakuwa kavu ya kupasuka, ukipunguza haiivi. Hadna ya kiwanda hiki kwa rangi ya kiwanda kile ni kamari. Dai makopo yaliyofungwa, ya kiwanda kimoja, rangi, hadna na thina. Muuzaji akikataa kukuonyesha kopo, ondoka dukani.

Kichwa cha Canter nje pamoja na kingo za milango kinakula kama lita 3 zilizokwisha changanywa, kwa mikono mitatu, yaani tabaka tatu. Nunua rangi yote siku moja, mimina makopo yote kwenye ndoo moja safi ukoroge, maana kopo la pili lililotengenezwa siku nyingine linaweza kupishana rangi na la kwanza na utaliona mlangoni.

Sasa mafundi wa gereji bubu, na ninyi mna sehemu yenu.

Nani aliwafundisha kufuta bati kwa petroli kabla ya kupuliza? Petroli ya kituoni inaacha utando wa mafuta, na ni moto unaosubiri cheche. Kichwa cha lori la dizeli kimejaa masizi na mafuta mgongoni, upande wa ekzosi na karibu na tangi. Kioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, kikauke, kisha futa kwa kisafisha mafuta cha rangi ukitumia vitambaa viwili: cha kwanza kimelowa, cha pili kikavu kinachofuata kabla ya dawa kukauka. Kitambaa kimoja kinahamisha grisi tu. Na hayo yafanyike KABLA ya msasa. Ukianza na msasa unaisukumia grisi ndani ya mikwaruzo. Pale palipopakwa silikoni ya kioo au dawa ya kung'arisha matairi ndipo rangi inapokimbia na kuacha vishimo vya duara mpaka praima (rangi ya kwanza ya chini) inaonekana.

Kutu ya Canter haijifichi: mfereji wa paa, chini ya raba ya kioo cha mbele, mshono wa chini wa mlango, kanyagio. Ng'oa raba ya kioo. Ukizungushia tepu juu ya raba, kutu iliyo chini yake itainua rangi mpya kabla ya mwaka. Palipooza pakatwe pachomelewe. Palipo na kutu ya juu piga msasa namba 80 mpaka bati jeupe, kisha praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Pwani bati lililo wazi likilala usiku mmoja linaamka jekundu.

Fila, ile ya kujazia mabonde ya bati: krimu yake ya kukaushia ni kama gramu 2 kwa gramu 100 za fila. Kwenye joto usizidishe ukidhani unawahi kazi, ile krimu ikizidi inapanda na kutia madoa kwenye rangi ya juu. Na msikwangue fila kwa maji! Fila inanyonya maji kama sponji, unayafungia chini ya praima, jua linapiga, malengelenge hayo. Fila ni msasa mkavu, 80 kisha 180, kwa ubao wa msasa, si kwa vidole. Maji yaingie baada ya praima kufunika kila kitu: 400 halafu 600 kwa rangi ya kawaida, 800 kama ni metaliki, yenye chembe za kumeta.

Kabla ya yote hayo, jaribu rangi ya zamani. Lowesha kitambaa kwa thina, kilaze juu ya rangi dakika chache. Ikiyeyuka na kutia rangi kwenye kitambaa, hiyo ni duko. Ikikunjamana, ni rangi ya mafuta. Ukipiga 2K moja kwa moja juu ya mojawapo, utaona ngozi inajikunja mbele ya macho yako. Ondoa mpaka chini, au ifunike kwa epoksi iive kwanza, na hata hivyo ujaribu kipande kidogo nyuma ya kichwa.

#2

Mleta mada umesema kweli, ila umesahau upepo. Wengi wanabeba kompresa ya lita 50 ya kujazia matairi. Bomba la kupulizia la kisasa la presha ndogo linataka hewa lita 300 na zaidi kwa dakika, ile kompresa kwa kawaida haifiki hapo. Ukifika katikati ya paa presha imeanguka, matone yanakuwa makubwa, uso unatoka na vinundu. Wauzaji wanajua na wanakuuzia seti hiyo hiyo. Kama ndiyo uliyonayo, tafuta bomba dogo linalokula hewa kidogo, piga bati moja moja, subiri kompresa ijae ndipo uendelee. Nozeli ya milimita 1.3 au 1.4 kwa rangi ya juu, 1.7 mpaka 2.0 kwa praima nzito. Presha bar 2 ipimwe kwenye mpini wa bomba huku umebonyeza kitufe, si kwenye tangi.

Kichuja maji nacho wanakifunga pale pale kwenye kompresa. Hapo hewa bado ya moto, maji ni mvuke, yanapita. Kipeleke mita 7 au 8 mbele kwa mpira au bomba la chuma, hewa ipoe, ndipo maji yanase. Na tangi limwagwe maji kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Saa nayo inaua kazi. Alfajiri bati lina umande hata kama huuoni, rangi inatoka na ukungu mweupe. Saa 7 mchana bati linachoma mkono, rangi inakauka juu na mvuke wa chini unatoboa vitundu. Anza saa 2 na nusu asubuhi baada ya umande kukauka, chini ya turubai, umalize kabla ya saa 5. Jioni ni wadudu na taa. Masika, acha kabisa.

#3

Wakuu, mbona hakuna aliyetaja mapafu? Nimewahi kuona uzi mtu anashauri fulana usoni na maziwa baada ya kazi. Maziwa yanaenda tumboni. Isosayaneti inaenda kwenye pafu na inaweza kukuachia pumu ya kudumu, ukiivuta tena hata kidogo baadaye kifua kinabana. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke huo. Kinachofaa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Mwenye nyumba ya kupanga, watoto uani, jirani anachoma mkaa upande wa pili wa ukuta, asipulize 2K hapo. Na feni ya nyumbani isiwekwe ndani ya turubai, mota yake inatoa cheche kwenye mvuke wa thina.

Na kwa lori la kubebea mchanga hakuna haja ya 2K. Rangi ya mafuta na rola ya sponji inatosha: punguza kwa tapentaini asilimia 10 hivi, mikono minne myembamba, saa 24 kati ya mmoja na mwingine, msasa wa maji 600 kila baada ya mikono miwili. Haina hadna, haina ukungu wa kupulizwa kwenye nguo za jirani. Itapauka mapema kuliko 2K, lakini itashika.

#1

Mleta mada tena. Mkuu wa #3, nakubaliana na rola, na ningependa maduka yaiseme hivyo wazi. Mtu anaingia na Canter ya kubebea matofali, anauzwa 2K kwa sababu ina faida kubwa, bila kuulizwa atapuliza wapi wala atavaa nini. Hilo ndilo linaniumiza zaidi ya rangi kubabuka.

Kwa wanaoniuliza pembeni: ukibadilisha rangi ya gari nenda ukabadilishe kadi ya usajili TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), rangi imeandikwa humo.

Na kwa mwenye duka anayesoma hapa: gawanya hadna kwenye makopo madogo ya bati yanayofunga, yajae mpaka juu, bandika jina la kiwanda, uwiano, tarehe uliyofungua dumu na onyo la kifua. Kama gharama inazidi, ongeza bei. Tutalipa.