Naomba ushauri: ungetoa karata gani ya kwanza dhidi ya shupaza 4?

KarataKavu: Wakuu, habari zenu. Tangu juzi sipati usingizi kwa sababu ya karata moja ya briji. Nimekaa Magharibi, mwenzangu Mashariki, wapinzani Kaskazini na Kusini. Kusini kafungua mnada kwa shupaza 1, mimi pasi, Kaskazini akaruka hadi shupaza 3, mwenzangu pasi, Kusini akamalizia shupaza 4: huo ndio mkataba, yaani kaahidi kula raundi 10 kati ya 13, turufu shupaza. Wapinzani wapo "hatarini", yaani wakishinda au wakianguka alama ni kubwa zaidi. Mkononi nina:

Shupaza 7, 2
Kopa kingi, 5
Uru kwini, jeki, 10, 8, 6
Pao 9, 7, 4, 3, 2

Wewe ungeanza na ipi? Taja karata tu, sababu tutaongea baadaye.

MzeeTurufu: Uru kwini. Kwini, jeki na 10 zimefuatana, bado unauliza? Hata ree na kingi zikiwa kwao, zikishatoka hizo jeki yako ndiyo kubwa.

BintiKopa: Uru. Ila nikiri, zamani kila nikiogopa nilikuwa natoa turufu ndogo. Nikitoa tu, kwini ya mwenzangu inanaswa. Alinivumilia miaka mitatu, siku moja akaniambia anahamia sataranji, mchezo usio na mwenza.

Fundi13: Watu hawaijui kanuni ya 11. Ukitoa karata yako ya nne kwa ukubwa, mwenzako anachukua 11, anatoa namba ya karata hiyo, anapata idadi ya karata kubwa kuliko hiyo zilizo kwenye mikono mingine mitatu. Umetoa 7? Zipo nne. Za kwake anaziona, za mezani (za mwenza wa mchezaji, hulazwa wazi) anaziona, za mchezaji, yule aliyeshinda mnada, anakisia.

MzeeTurufu: Fundi, nani kauliza hilo?

Fundi13: Hakuna. Ila ni tamu.

KarataKavu: Nashukuru. Lakini kopa kingi hamuioni kabisa? Mwenza akiwa na ree, mnakula raundi mbili za haraka.

MzeeTurufu: Na akiwa hana, umemzawadia mchezaji raundi. Kingi yenye karata moja tu nyuma yake naitoa pale mwenzangu aliponadi kopa. Alinadi?

KarataKavu: Hapana, alipasi.

BintiKopa: Alipasi vipi?

KarataKavu: Alipasi kama watu wanavyopasi, dada.

BintiKopa: Hapohapo, au alikaa kwanza?

KarataKavu: Basi niseme. Baada ya ile shupaza 3 alifikiri kidogo. Lakini Kaskazini aliruka ngazi, na mtu akiruka ngazi anayefuata anatakiwa asubiri kama sekunde 10, hata kama hana la kufikiri!

MzeeTurufu: Yeye alisubiri ngapi?

KarataKavu: Labda 40.

BintiKopa: Ahaa. Na wewe ukatoa kopa kingi.

KarataKavu: Nilitoa kopa kingi, ndiyo. Mwenzangu alikuwa na ree na kwini ya kopa, pamoja na ree ya shupaza. Raundi nne zetu, mkataba ukaanguka kwa moja. Wapinzani wakamwita mwamuzi, akabadilisha matokeo: badala ya sisi kupata 100, wao wakaandikiwa 620. Nimeonewa. Ile kopa ningeitoa hata kama mwenzangu angepasi kwa kasi ya radi. Barua ya rufaa nimeshaianza, nilitaka tu kusikia wachezaji wengine wanasemaje.

MzeeTurufu: Wachezaji wengine wameshasema. Watu wawili, uru wawili. Kanuni ya 16 ya sheria za briji haikuiti mwizi, mdogo wangu. Inasema kusita kwa mwenzako ni habari ambayo hukutakiwa kuitumia. Kama kulikuwa na karata nyingine ya maana, huruhusiwi kuchagua ile iliyoelekezwa na kule kusita. Na hiyo nyingine ilikuwepo, inang'aa.

KarataKavu: Kusita hakusemi "kopa". Angeweza kuwa anawaza pao!

Fundi13: Pao unazo tano wewe mwenyewe. Shupaza wanazo wao, uru umezijaza. Imebaki nini?

Halafu mnajua kwa nini mashindano makubwa yana skrini katikati ya meza? Zilianza kwenye Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa briji, ya 1975, ili mtu asimwone mwenzake. Mwaka huohuo jozi ya Italia ikakaripiwa kwa mambo ya kugusana miguu chini ya meza. Juu wamezibwa, chini wanaongea!

Msomaji_Kimya: Samahani, sijawahi kuandika humu. Shupaza 2, kopa 2, uru 5, pao 5. Jumla 14. Briji kila mtu ana 13. Hii chai.

BintiKopa: Yesu wangu! Nimehesabu mara mbili. 14 kweli.

Fundi13: Ndiyo maana usingizi hauji, kalala na karata moja ya mtu.

KarataKavu: Nimekosea kuandika! Pao ni 9, 7, 4, 3. Hiyo 2 ilikuwa mezani.

Msomaji_Kimya: Basi weka mikono yote minne.

KarataKavu: Mezani: shupaza 10, 8, 5, 4, kopa jeki, 10, 3, uru ree, kingi, 9, 3, pao 6, 2. Mchezaji: shupaza kingi, kwini, jeki, 9, 6, kopa 7, 6, 4, uru 4 peke yake, pao ree, kingi, kwini, 5. Zilizobaki za mwenzangu.

Msomaji_Kimya: Pointi 40 (ree 4, kingi 3, kwini 2, jeki 1), kila rangi 13. Nafuta neno chai.

MzeeTurufu: Mimi ndiyo kwanza naona utamu. Ukitoa uru, anakula ree na kingi, kwenye kingi anatupa kopa moja. Anabaki na hasara tatu tu: kopa mbili na ree ya turufu. Anafika 10. Kwa hiyo kopa ndiyo iliyowaua, na iliyokuonyesha ni zile sekunde 40. Mwamuzi yuko sahihi, ile 620 ni yao.

KarataKavu: Ukweli ni kwamba rufaa niliituma kabla sijafungua uzi. Nimeandika kwamba wachezaji wenye uzoefu waliniunga mkono. Msimamizi, naomba uzi ufutwe.

BintiKopa: Waliokuunga mkono ni nani, wale wa uru?

MzeeTurufu: Kabla haujafutwa, hesabuni na Fundi. Hajajibu bado.

Fundi13: Uru kwini.