Naomba ushauri: besi wanakata mkia wa chambo na kuniachia ndoana

Wakuu, habari zenu. Nawaomba wazoefu wa kuvua besi, yule samaki mwenye mdomo mpana, mnisaidie.

Natumia mnyoo wa plastiki. Ncha ya ndoana nimeificha ndani ya mnyoo wenyewe isinase kwenye magugu, na mbele yake kuna chubwi ndogo yenye umbo la risasi. Naurusha pembeni ya magogo, nauacha uzame, kisha nauvuta taratibu. Mshipi unashtuka kidogo, nikikaza fimbo napandisha mnyoo uliokatwa mkia, samaki hayupo. Je, nawahi kukaza au nachelewa? Au nitumie mnyoo mfupi zaidi?

Halafu maji yakiwa maangavu na jua kali, mnaweka rangi gani? Naona zile za kung'aa zinanasa wavuvi dukani kuliko samaki majini, ingawa sanduku langu limejaa hizo hizo.

Lingine si la kiufundi. Mke wangu alinikuta nimetumbukiza mnyoo kwenye beseni la kufulia, nauchungulia unavyocheza. Hakusema kitu, akabeba nguo zake akaondoka. Baadaye nikamweleza kwamba rekodi ya dunia ya besi mzito zaidi, ya mvuvi George Perry, kilo 10 na ushee, iliwekwa Marekani mwaka 1932 na ikafikiwa na Manabu Kurita kule Japani mwaka 2009, kwa hiyo mambo haya yanataka subira. Akaniuliza kama na mimi nahitaji miaka 77.

Mnaoishi na wenza wasiovua, mnajibuje hapo?